Mwizi Aliyeanza Tarehe Kumi na Tatu

Maiti ililala kifudifudi chini ya ngazi ya chuma, mkono mmoja umekunjwa chini ya tumbo, mwingine umenyooshwa kuelekea kwenye makasha ya cherehani. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu. Kiatu cha kulia kilibaki juu kabisa, kwenye kidato cha tatu kutoka mlango wa ofisi, kimesimama wima kama kilichovuliwa kwa adabu.

"Msikiguse," alisema Inspekta.

Alikuwa mama mwembamba mwenye mvi mbili tatu, asiye na haraka. Alichuchumaa kando ya marehemu akamkagua polepole, kuanzia kisogo hadi unyayo, kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Koplo alisimama nyuma yake akipiga picha.

"Nani amemkuta?"

"Mimi, afande," alijibu mfagizi, ndoo ingali mkononi. "Nimefungua geti, nikaona kama gunia limeanguka. Nikasema hawa wapakuzi nao, wanaacha mizigo ovyo. Kumbe ni Kiatu."

"Kiatu?"

"Ndiyo tunavyomwita. Mkusanyaji wa kampuni. Anazunguka kwa miguu kwa mafundi wote waliokopeshwa cherehani, anachukua malipo yao kidogo kidogo. Viatu vyake vimebadilishwa soli mpaka soli zenyewe zimesahau ngozi."

Kijana mmoja alishuka ngazi, shati limepigwa pasi, mikono imefungwa vifungo mpaka kwenye viganja. Alikuwa mhasibu wa kampuni.

"Ni aibu, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Jana aliitwa mbele ya Mkurugenzi. Makusanyo yake ya mwaka mzima yana pengo. Nadhani ameshindwa kuvumilia, akajirusha."

"Ulimwona akijirusha?"

"Hapana. Mimi niliondoka saa za kawaida."

"Basi usinisimulie usichokiona."

Inspekta alikuwa ameshainama tena, anatazama shingo ya marehemu. Kisogoni palikuwa na mchubuko mwembamba, mwekundu, mrefu kama uzi.

Ofisi ilikuwa juu, chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma na kompyuta mpya ambayo karatasi yake ya nailoni haijabanduliwa bado. Mkurugenzi, mama wa makamo, alikaa kwenye kiti chake kipana, miwani mkononi, macho yamevimba. Hakuwa akilia, ila hakuwa amelala pia.

"Afande, mimi si mtu mbaya," alianza bila kuulizwa. "Yule mzee nimekaa naye tangu duka hili liko kibandani."

"Mlimwita mwizi?"

"Niliisoma ripoti. Ripoti ndiyo iliyomwita."

"Ripoti gani?"

Mkurugenzi alieleza taratibu. Miaka yote hesabu zao zilikuwa kwenye majedwali ya kompyuta ya zamani, kila mtu na jedwali lake na namna yake ya kuandika. Kiatu naye alifundishwa, akawa anachapa makusanyo yake mwenyewe kwa vidole viwili. Mwezi uliopita wakanunua programu ya uhasibu. Mhasibu akahamisha miamala yote ya mwaka kutoka kwenye majedwali hadi kwenye programu. Ile kompyuta ya zamani ikafutwa, ikagawiwa. Na ripoti ya kwanza kutoka, zaidi ya nusu ya makusanyo ya Kiatu hayamo.

"Wateja walilipa?"

"Wana risiti zake. Ndiyo maana nikasema, walilipa, alipokea, hakuleta."

"Alikuwa akimletea nani?"

"Mhasibu. Mkono kwa mkono. Mhasibu anazichanganya na mauzo ya duka, anapeleka benki."

"Bila kusainiana?"

"Tulikuwa tunaaminiana, afande."

"Mliangalia benki inasemaje?"

"Mhasibu alisema ameshalinganisha." Mkurugenzi akavaa miwani. "Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea kwa mkono huu. Hawezi kunidanganya."

"Kiatu alisema nini alipoulizwa?"

"Alisema kompyuta inasema uongo. Nikamjibu kompyuta haina njaa."

Hapo Mkurugenzi akatazama dirisha. Inspekta aliomba ripoti ile ichapishwe. Mhasibu aliitoa mwenyewe, akazipanga karatasi, akazibana pini kwa unadhifu.

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Fuvu limepasuka. Hicho ndicho kilichomuua. Lakini tazama kiganja hiki."

Kwenye mikunjo ya kiganja cha kulia mlikuwa na chembe za kutu, nyingine zimezama chini ya kucha.

"Bomba la ngazi lina kutu," alisema Koplo.

"Na huku juu ya mkono, alama za vidole vya mtu mwingine. Michubuko mibichi. Alishikwa kwa nguvu."

"Na hii ya shingoni?"

"Kamba nyembamba. Ilivutwa kutoka mbele mpaka ikakatika."

"Hajajirusha," alisema Inspekta.

"Mtu anayetaka kufa, afande, hashikilii bomba mpaka likamwachia kutu kwenye kucha."

Nyumbani kwa marehemu palikuwa na vyumba viwili na uwanja mdogo uliofagiwa kwa mistari. Mjane alikaa kwenye mkeka na wanawake wachache. Wanaume walikuwa nje, wanaongea kwa kunong'ona, na Inspekta alipopita minong'ono ikakatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Aliijua minong'ono ya namna ile. Siyo ya msiba.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Kaa."

"Shingoni alikuwa akivaa nini?"

"Flashi. Ile ya kuwekea kazi za kompyuta. Aliitungia kamba ya kiatu, watoto wakamcheka, Kiatu kajifunga kamba shingoni." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaishia njiani. "Kila akimaliza kuchapa makusanyo yake, anabeba nakala. Alisema kompyuta ya ofisi ni nguo ya kuazima, ukiitegemea utabaki uchi."

"Alirudi nyumbani baada ya kuitwa na Mkurugenzi?"

"Alirudi. Akanywa maji amesimama. Akasema, narudi ofisini, kijana yule msomi bado yupo, nikimwonyesha flashi ataelewa. Nikamwambia baba, ngoja kesho. Akasema, mke wangu, siwezi kulala ninaitwa mwizi."

Mjane akavuta upindo wa khanga.

"Asubuhi hii shemeji yangu kaniuliza kama pesa ziko chini ya godoro. Kaliinua, akatazama. Binti yangu kagoma kwenda shule. Kampuni imetuma mtu kusema haitaleta hata mwakilishi mazikoni. Keshokutwa tunazika. Sitaki kitu chao, afande. Nataka mume wangu ashuke kaburini na jina lake. Akishafukiwa nalo lile jingine, nani atalifukua?"

Inspekta hakumpa ahadi. Ahadi za polisi kwenye mkeka wa msiba alizijua uzito wake.

Kituoni alifungua ripoti akaanza kuisoma, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Ilikuwa na safu nne: tarehe, mteja, kiasi, maelezo. Kwenye safu ya maelezo Kiatu alikuwa ameandika mambo yake. *Mume kasafiri, kalipa dada mtu. Kalipa nusu, mtoto ana homa. Huyu analipa huku ananung'unika, ila analipa.*

Koplo alileta chai. "Afande, unacheka?"

"Nasoma. Hebu kaa. Wewe ukiwa mwizi, ungeiba lini?"

"Mimi? Mwisho wa mwezi. Watu wanapolipwa."

"Kila mwezi?"

"Hapana, hiyo utashikwa. Leo unadokoa, kesho unatulia."

"Sasa tazama huyu wetu." Akageuza karatasi. "Mwezi wa kwanza, makusanyo yanaishia tarehe kumi na mbili. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, vilevile. Mpaka mwezi wa mwisho. Kuanzia tarehe kumi na tatu hakuna hata senti. Mtu anakuwa mwaminifu siku kumi na mbili, ikifika ya kumi na tatu anageuka mwizi. Mwaka mzima hajateleza hata siku moja."

"Labda ni mwizi mwenye nidhamu."

"Hajazaliwa. Omba kibali cha mahakama, tukaone akaunti ya benki."

Koplo alidhani anajua mwisho wa hadithi. Pesa zilipita kwa mhasibu, mhasibu alizila, mzee akajua, mzee akafa. Alikuwa ameshaandaa na pingu. Lakini majibu ya benki yaliporudi kesho yake, alisimama mlangoni amekunja uso.

"Zimo, afande."

"Kiasi gani?"

"Zote. Ukitoa mauzo ya duka, kinachobaki kinalingana na risiti za Kiatu. Kila mwezi, mwanzo mpaka mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuna maiti, tuna hasara, lakini hatuna wizi. Mimi nimechoka."

"Hatujawahi kuwa na hasara, Koplo. Tuna ripoti tu. Niitie aliyeuza hiyo programu."

Fundi wa programu alikuja na begi mgongoni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mshitakiwa. Watu wengi hukaa hivyo kituoni hata kama wameitwa kushukuriwa.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako," alisema Inspekta. "Miamala inatokaje kwenye jedwali mpaka ndani ya programu?"

"Programu haili jedwali hivihivi. Unaligeuza kwanza liwe faili la maandishi matupu. Kila mstari muamala mmoja, na koma kati ya safu na safu. Halafu unaionyesha programu: hii ni tarehe, huyu ni mteja, hiki ni kiasi. Ukimaliza, unaiamuru ilimeze faili."

"Na tarehe inaisomaje?"

"Hii yetu husoma mwezi kwanza, siku baadaye. Lazima uibadilishe kama umezoea kuandika siku kwanza."

"Mtu akisahau kubadilisha?"

Fundi akafikiri. "Ukiandika tarehe tano mwezi wa nane, itaelewa tarehe nane mwezi wa tano. Itaipokea, ila itaiweka mahali si pake."

"Na tarehe ishirini na tano mwezi wa nane?"

"Itatafuta mwezi wa ishirini na tano. Haupo. Mstari huo inaukataa." Akasita. "Kuanzia tarehe kumi na tatu, yote itaikataa."

Koplo akaweka kikombe chini.

"Inaikataa kimyakimya?" aliuliza Inspekta.

"Hapana, mama. Inaionyesha yote, kwa rangi nyekundu. Kisha inakuuliza: urekebishe, au niruke mistari yenye kasoro niendelee?"

"Mhasibu wa kampuni ile hakukuita umsaidie?"

"Niliomba niifanye. Mkurugenzi alikuwa tayari kunilipa. Kijana akasema hiyo ni kazi ya mtoto."

Mchana ule Inspekta alipanda tena ngazi ya chuma, mkono wake mbali na bomba. Mhasibu alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Alikonda kwa siku mbili zile. Kola ya shati ilimpwaya.

"Ile ripoti uliyonipa, nichapishie tena."

"Ileile?"

"Ileile. Jina lilelile, mwaka uleule."

Mhasibu alisita kidogo, kisha akabonyeza. Mashine ikaanza kutema karatasi, ikaendelea, ikaendelea. Rundo la safari hii lilikuwa nene maradufu.

Inspekta aliweka marundo mawili mezani ubavu kwa ubavu.

"Nilikuja kutafuta mistari iliyorukwa," alisema. "Naikuta imerudi. Kumi na tatu, kumi na nne, ishirini, ishirini na tano. Hasara imeisha."

"Programu... kulikuwa na hitilafu. Nimeirekebisha. Nilitaka kumwambia Mkurugenzi jioni hii. Mzee hakuwa mwizi, afande. Ni habari njema."

"Ni njema sana. Umeirudishaje?"

"Nimeiandika upya. Kutoka kwenye risiti."

"Risiti ina nini?"

"Tarehe, jina, kiasi."

"Basi?"

"Basi."

Inspekta akainua karatasi moja, akasoma bila kupandisha sauti. "*Tarehe kumi na tisa. Kalipa, kaniombea dua mpaka nikaona haya kuondoka.* Risiti imeandikwa hivyo?"

Mhasibu akanyoosha kingo za rundo lililokuwa limeshanyooka.

"*Tarehe ishirini na saba. Hayupo, nimemkuta shambani kwa mamake, kalipa huko.* Na hii pia umeitoa kwenye risiti?"

Nje mtu alikuwa anagongomea kasha misumari.

"Kompyuta ya zamani imefutwa na mafaili yake yote. Mliifuta wenyewe," aliendelea Inspekta. "Maneno haya yalibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kamba ya kiatu, shingoni mwa mtu aliyekufa. Flashi iko wapi, mwanangu?"

Alipoitwa mwanangu mabega ya kijana yalishuka. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akakunja. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo chake, juu kidogo ya saa, na flashi ikining'inia kwa ndani.

Koplo alipomwonya kwamba atakayosema yataandikwa na kutumika mahakamani, aliitikia kwa kichwa.

"Ilikuwaje?" aliuliza Inspekta.

"Mama Mkubwa, yaani Mkurugenzi, alitaka kumwajiri fundi. Nikamwambia mimi ninaweza. Akasema mbele ya wafanyakazi wote, ukiliweza hili, siku nikistaafu kiti ni chako. Majedwali mengine yaliingia bila shida. Nikaliingiza faili la Kiatu. Likajaa nyekundu. Sikujua kwa nini. Nilihangaika mpaka macho yakauma, kisha nikaruhusu iruke. Nikasema nitarudi kurekebisha polepole, hakuna atakayejua."

"Halafu?"

"Mama Mkubwa akaichapisha ripoti mwenyewe kabla sijarekebisha. Akaja anapiga kelele, Kiatu ameniibia. Hapo ndipo ningesema."

"Hukusema."

"Aliniuliza, umelinganisha na benki? Nikasema ndiyo. Neno moja lile, afande. Baada ya hapo kila nilipofungua mdomo, lilikuwa limeshakaa mlangoni."

"Kiatu akaja."

"Akachomeka flashi. Akasema, tazama mwanangu, zote zimo, labda umekosea mahali, si dhambi. Nilipoiona tu nikaelewa kosa langu. Siku na mwezi. Kitu kidogo namna ile. Nikamwomba aniachie, nitasahihisha wiki ijayo. Akasema hapana, twende kwa Mkurugenzi sasa hivi, wote wawili. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya."

"Mlifika kwenye ngazi."

"Nilishika kamba. Akarudi nyuma, kiatu kikamtoka, kamba ikakatika. Akashika bomba." Akatazama mikono yake. "Angeweza kusimama tena. Alikuwa ameshaanza kusimama. Nikamsukuma."

Kalamu ya Koplo ilisimama, kisha ikaendelea.

"Ukishaipata flashi, kwa nini hukuitupa?"

"Nilitaka kuitupa. Nikaenda kwanza kutoa pole, ili watu wasiulize. Binti yake akanipa kiti. Pale nje nikasikia wanaume wanavyosema. Nikarudi ofisini, nikageuza upya faili la kwenye flashi, siku na mwezi, mistari yote ikakubali. Hakuna hata mstari mmoja mwekundu. Nilifikiri, angalau nimuoshe jina."

"Siku ile ya ripoti, ungekiri kosa, ungepoteza nini?"

"Kiti."

"Na nini tena?"

"Wangenicheka. Basi, afande. Hakuna kingine. Naapa hakuna kingine."

Inspekta aliyakusanya marundo yote mawili, polepole. Alishawahi kukamata watu walioua kwa ardhi, kwa wivu, kwa pesa za kujaza gunia. Hao unaweza kuwachukia ukapata usingizi.

Mkurugenzi aliambiwa jioni, katika kiti chake kilekile. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kijana amekula, kisha akauliza maziko ni saa ngapi.

Alifika akiwa amechelewa, kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyake vya ofisini vikizama kwenye udongo mpya. Watu walimpisha bila kumsalimu. Alisogea mpaka alipokaa mjane, akachuchumaa kwa shida, mkono mmoja umeshika goti.

"Mama," alinong'ona, "nimekuja kukuambia marehemu hakuwa na hatia. Hela zote zipo. Mwanangu ndiye... Mume wako hakuchukua hata senti. Nakuomba unisamehe."

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Wanaume walioshika majembe walikuwa wamesimama mbali kidogo, shemeji mtu akiwa mbele yao, wakinyoosha shingo bila kusikia.

"Ofisini kwako," mjane aliuliza, "siku ile ulipomwita mwizi, ulimnong'oneza hivi?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa. "Hapana."

"Basi inuka, mwenzangu. Wote wako pale."

Inspekta, aliyekuwa amesimama nyuma na Koplo, alimwona Mkurugenzi akivua miwani, akijiinua polepole, akiwageukia wale watu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mjane akamshika mkono, wala si kwa upole, akangoja. Ndipo akasema, na mara hii ilisikika mpaka barabarani.